Sarafu Iliyokwama Mdomoni mwa Simu

3 Februari

Mdogo wangu, Bwana Meno,

Hujambo huko ng'ambo? Huku tu wazima, mimi na paka, na bati la jikoni ambalo bado linavuja pale pale ulipoliacha likivuja. Kazi zipo. Magauni ya harusi nimeacha kupokea, shanga zimenichosha. Sasa nashona mapazia na mashuka, vitu vya mshono mmoja ulionyooka, na cherehani inakwenda yenyewe huku mimi nawaza mengine.

Najua utauliza kwa nini sikupigii simu. Unamkumbuka baba. Mtu aliyeshinda miaka thelathini akifungua masanduku ya simu za barabarani hakutaka kabisa kusema jambo la maana kwenye simu. Alidai uongo mwingi umepita mle mpaka masanduku yenyewe yananuka. Basi na mimi nimerithi ugonjwa huo, na wewe vumilia barua.

Mvua za mwaka jana ziliivimbisha mbao ya kabati la sarafu, droo tatu zikagoma kufunguka. Fundi Randa, seremala wa mtaa wa pili, amezichonga upya zote. Kila sarafu ameitobolea tundu lake la duara, akalivika kitambaa cha pamba, maana nilimwambia sufu huitia fedha weusi. Gundi nayo nikamkataza, akapigilia vigingi vidogo vya mbao, hakubisha hata mara moja. Mwanamume anayesikiliza namna hiyo sijamwona mwingine. Usicheke. Anakuja kila Jumapili kuangalia kama droo zimetulia, na zimetulia tangu Novemba.

Sasa jambo lenyewe. Bibi wa Makumbusho alisikia habari za kabati, akaja. Nikamweleza lilivyoanza: watu walikuwa wakitumbukiza sarafu za nchi za mbali ili kuidanganya simu, ofisi haizitaki, inampa baba. Naye kila moja akaiandikia kikaratasi, imetoka kibanda gani, siku gani. Alipofika kwenye ile kubwa ya fedha alisoma kikaratasi chake kwa sauti: "Ilikwama mdomoni mwa simu ya wodi ya wazazi. Nimeing'oa kwa koleo. Leo nimepata mtoto wa kiume." Akauliza huyo mtoto yuko wapi. Nikasema anatengeneza meno ya watu.

Wanataka mkusanyiko wote, wauweke kwenye chumba chake wenyewe na jina la baba mlangoni. Atarudi tarehe 15 Juni na mizani, apime kila sarafu na kuiandikisha. Warithi tuko wawili tu, bila saini yako haiwezekani. Andika ndiyo, nami nilale usingizi.

Dada yako


27 Februari

Dada mpendwa,

Nimeipokea barua yako nikiwa na unga wa plasta ya meno mpaka kwenye nyusi. Huku baridi imeanza kulegea. Mwenye karakana amenipa meza ya dirishani, kwa hiyo sasa nachonga magego huku naona miguu ya wapita njia. Afya nzuri, mgongo kidogo. Huyo paka ni yule wa zamani au mwingine?

Kuhusu makumbusho, naomba tusikimbilie. Watu hao wana maneno matamu, halafu vitu vinaishia kwenye sanduku ghalani, panya wanavirithi. Mwakani huenda nikapata likizo ndefu. Nikifika tutakaa chini, tutazungumza kama watoto wa baba mmoja. Mwambie Bibi wa Makumbusho asubiri. Sarafu zimesubiri miaka yote hii, hazitakufa kwa mwaka mmoja.

Jambo jingine dogo. Ile kubwa ya fedha ilikuwa na doa chini ya shingo ya yule malkia. Madoa ya namna hiyo hula ndani kwa ndani. Hapa karakana tuna mashine ya kusafishia inayotumia maji na mtikisiko tu, haikwaruzi. Ifunge vizuri unitumie, nitaishughulikia kwa mikono yangu na kuirudisha. Itume hiyo moja tu. Ikiwezekana kabla ya Juni.

Saini ninaiweka akiba kwanza, usinikasirikie.

Mdogo wako


2 Aprili

Bwana Meno,

Salamu zako zimefika, na mimi nakusalimu. Paka ni yule yule, amezeeka, anajigonga kwenye viti. Tunafanana. Jirani yetu muuguzi amejifungua mapacha, ukuta wetu haulali tena. Samahani nimechelewa kujibu, kuna shughuli.

Nimeisoma barua yako siku nne. Siku nne nzima, na kila siku nilirudi pale pale kwenye hilo neno kusafisha. Wewe mtoto wa baba kweli? Unakumbuka alivyokufanyia ulipoisugua ile sarafu ya shaba kwa majivu ikang'aa kama kifungo? Hakukupiga. Aliiweka mezani mbele yako wiki nzima uitazame ilivyokufa, na wewe ulilia kuliko ungepigwa. Sasa unaniambia mashine na mtikisiko!

Halafu nikuulize. Doa gani? Baba alinifundisha kuzikagua kila mwezi, nimezikagua kila mwezi. Chini ya shingo ya malkia sijawahi kuona doa. Wewe sasa ni miaka kumi na moja hujaitia machoni. Umelijuaje?

Haitoki kabatini. Si kwa posta, si kwa mkono wa mtu. Na Bibi wa Makumbusho hatasubiri mwakani, kwa sababu mimi siwezi kusubiri mwakani. Usiniulize kwa nini. Tuma saini.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Hujambo. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi, nitaandika kwa ufupi.

Doa nililiona zamani, kabla sijaondoka. Kumbukumbu yangu si mbaya. Kama hutaki kuituma, basi, sitakulazimisha, lakini usiseme sikukuonya.

Kinachonitia wasiwasi ni mwandiko wako. Mistari inapanda, inashuka, maneno mawili yamekaliana, sikuweza kuyatenganisha hata nikigeuza karatasi. Unaumwa? Na unasema huwezi kusubiri bila kusema sababu. Kuna mtu anakusukuma?

Naona niseme wazi, mimi ni ndugu yako. Huyo Fundi Randa anaingia chumba cha baba peke yake? Alizitoa sarafu zote akachonga matundu yake, akazirudisha. Ulikuwa umesimama hapo muda wote? Watu wa mbao wana mikono myepesi, dada. Mimi simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba kama siku ya mizani kitaonekana kitu hakiko sawa, uanze kujiuliza ni nani aliyezishika mwisho.

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima. Mapacha wa jirani wanaendelea vizuri. Paka amekufa, nimemzika nyuma ya tangi la maji. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Nimeficha jambo na sasa nakuambia, kwa sababu sina tena nguvu za kuficha. Macho yangu yanakufa. Daktari anasema ni presha ya macho, imeanza siku nyingi. La kulia limeshafunga, la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Ndiyo maana niliacha shanga. Barua yako ya Februari niliisoma kwa lenzi ya baba, herufi moja moja, siku zile nne nilizokutajia. Ya Aprili nayo hivyo hivyo. Barua hii naandika nimeweka rula chini ya mkono, kama mstari umepanda nisamehe. Nilitaka kabati liende kwa watu wenye macho, jina la baba likae mlangoni, nami nilishike hilo jina kwa vidole kabla giza halijawa kamili. Sikutaka unihurumie. Mpaka sasa sitaki.

Sasa sikiliza. Kwa kuwa siwezi tena kuzikagua kwa macho, nilianza kuzizoea kwa vidole na kwa sikio. Unakumbuka baba alivyokuwa akiisimamisha sarafu ya fedha kwenye ncha ya kidole na kuigonga kwa penseli, ikaimba? Alituonyesha mara moja tu, hakutaka mchezo. Mwanzoni mwa mwezi huu nilizigonga zote za fedha. Zimeimba zote isipokuwa moja. Ile ya wodi ya wazazi imetoa mlio wa kifuniko cha chupa. Niliigonga tena na tena, mlio ule ule. Nikaishika na mwenzake wa ukubwa ule ule, huku na huku, nikasikia tofauti ya uzito. Jeraha la koleo liko pembeni, malkia yupo, kila kitu kipo, na si yenyewe.

Maneno yako ya Aprili yalikuwa kichwani. Jumapili ya kwanza ya mwezi Fundi Randa alipokuja nilimuuliza. Sikumuuliza vizuri. Nilimuuliza kama mtu anavyouliza mwizi. Aliweka randa mezani polepole, akasema, "Mama, mimi nimechonga matundu tu," akatoka. Ananiita Mama anapokuwa na hasira, siku nyingine ananiita kwa jina la utani ambalo sitakuandikia. Vifaa vyake bado viko hapa. Wiki tatu hajapita hata barabara yetu.

Tarehe 15 Juni mizani itasema. Bibi wa Makumbusho lazima aandike alichokikuta, na atauliza nani alikuwa na ufunguo na nani aliingia. Nitakuwa na jina moja tu la kumpa, na jina hilo litakwenda polisi. Nikilitoa, mtu huyo amekwisha mtaani, hatapewa tena hata kiti cha kutengeneza. Nami nimekwisha pamoja naye, hilo nalo nalisema wazi.

Nilikuuliza doa ulilijuaje. Hukunijibu ukweli. Najua unavyonipiga chenga tangu ukiwa mdogo. Kama kuna unachokijua, kiandike sasa.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Sitaanza na hali ya hewa. Ni mimi.

Nimeandika neno hilo mara tano na kuchana karatasi nne. Ni mimi niliyeitoa, mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Wewe ulikuwa umekwenda kupima mabibi harusi, ufunguo uliuacha kwenye kopo la vifungo. Nilikuwa najifunza kazi kwa yule daktari wa meno wa mjini. Niliikandamiza sarafu kwenye udongo tunaochukulia umbo la meno, nikamimina nta, nikaizungushia plasta, nta ikayeyuka tanurini, nikamimina madini yale ya magego ya bei nafuu. Ilitoka na kila kitu, hata jeraha la koleo. Nikaipitisha juu ya moshi wa mshumaa ili mikunjo iwe myeusi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kutoka bila kasoro, na nilijivuna, Mungu anisamehe, nilijivuna sana. Chini ya shingo ya malkia palibaki kipovu kidogo cha hewa nikakiziba. Hilo ndilo doa, nalo nililifanya kisingizio ili sarafu ya bandia isikutane na mizani. Kwa macho halionekani, ila mimi naliona hata nikifumba yangu.

Utauliza kwa nini. Siku baba alipokupa ufunguo alikuambia mbele yangu kwamba una mkono mkavu. Kisha akanigeukia, akasema mikono yangu inatoka jasho, jasho linaua sarafu, nisiziguse. Alisema kwa upole, kama anavyosema mvua itanyesha. Lakini ile moja ilikuwa ya siku yangu. Alizitoa masandukuni sarafu nyingi, hiyo tu ndiyo aliyoandikia habari zangu, na ndiyo hiyo siruhusiwi kuishika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na wivu juu yako, dada, nakuambia bila kuupamba.

Nilidhani nitaibeba mwaka mmoja na kuirudisha. Lakini wiki ya kwanza huku, ugeni uliponibana, niliitoboa kwa mashine ya kuchimbia meno nikaivaa shingoni. Nilipoona vumbi lile jeupe mezani ndipo nikajua sitaweza tena kuirudisha. Baba alikuwa na haki. Jasho langu limeila. Uso wa malkia umelainika kama sabuni.

Na la Fundi Randa. Nilijua ninachofanya. Nilikaa nikafikiri ni nani nimtupie, nikamchagua yeye kwa sababu sijawahi kumwona uso. Ulipoandika kwamba alisema amechonga matundu tu, nilitoka nje ya karakana nikakaa kwenye ngazi, mwenye karakana akadhani nimefiwa.

Nimeivua. Imo ndani ya bahasha hii pamoja na saini yangu. Naituma kwa wale wasafirishaji wa haraka, wameniapia itafika kabla ya tarehe 15. Wape watu wa makumbusho jina langu. Wape polisi. Sijui barua hii atakusomea nani. Yeyote anayeisoma, naomba asiruke mstari.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa Fundi Randa. Ananiandikia ninavyosema, amekula kiapo hatapunguza wala kutia chumvi. Anauliza kama neno "kiapo" aliandike pia. Andika.

Bahasha yako ilifika tarehe 14 mchana. Nilitia sahihi nisipopaona, nikaipapasa, nikasikia kitu cha duara ndani. Lenzi haikunisaidia, jicho lilikuwa limevimba siku hiyo. Jirani muuguzi alikuwa amewapeleka mapacha kliniki. Nikakaa na bahasha mapajani, na saa zinakwenda, na kesho ndiyo siku ya mizani.

Ndipo mlango ukagongwa. Fundi Randa alikuwa amekuja kuchukua vifaa vyake. Alisema hivyo hivyo tu, "Nimefuata vifaa." Nilisikia akitia msumeno na patasi kwenye mfuko. Nikamwambia, "Nisomee hii kwanza, halafu uondoke." Hakuuliza ni ya nani. Alivuta kiti.

Aliisoma yote, hakuruka mstari. Alipofika pale uliposema ulimchagua yeye kwa sababu hujamwona uso, aliomba maji. Nikamletea. Akanywa, akarudi nyuma, akausoma mstari ule mara ya pili, kisha akaendelea mpaka mwisho. Badala ya kumwomba radhi nililia tu kama mtoto, na mikono yangu mikavu ya kusifiwa ilikuwa imelowa chapachapa. Yeye akaikunja barua, akasema, "Huyu kijana angekuwa seremala mzuri." Mpaka sasa sijui alikuwa anakusifu au anakutukana. Nimemuuliza sasa hivi, anacheka tu.

Bibi wa Makumbusho alifika asubuhi yake. Nilimwambia kila kitu kabla hajafungua mizani, jina lako nikalitaja. Akaipima ile ya madini ya meno, nyepesi. Akaipima ya tundu, akapekua kitabu chake muda mrefu, akasema ni yenyewe, imepungua kwa tundu na kwa kuvaliwa. Aliuliza kama nataka iitwe wizi. Nikamwambia hiyo ni habari ya nyumbani. Sikusema hivyo kwa kukuonea huruma. Sijakusamehe, na usiandike barua ya kuniuliza lini.

Sarafu nyingine zote zimeandikishwa, lakini hazijaondoka. Ile ya tundu ameshindwa kuiandikisha. Kikaratasi cha baba kinasema ilikotoka, hakisemi ilikokwenda, na baba hakuiweka sarafu yoyote kabatini bila maelezo ya kweli chini yake. Inatakiwa kikaratasi cha pili. Fundi amekikata kwa kipimo kile kile. Mimi siwezi kukiandika, na yeye amekataa katakata, anasema mkono wake usihusishwe tena na sarafu hiyo. Kwa hiyo kiko tupu. Bibi wa Makumbusho atasubiri mpaka mwisho wa Septemba.

Vifaa vya Fundi, msumeno na patasi, vimerudi nyumbani kwake. Ila randa yake aliitoa mfukoni, akaiacha mezani pale pale. Hilo anasita kuliandika. Andika.

Daktari amesema Septemba huenda bado nitakuwa naona kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Nataka kiwe chako. Njoo na kalamu, usilete zawadi. Jana niliisimamisha sarafu yako kwenye kidole nikaigonga. Imekwaruzika, imelainika, ina tundu kichwani, na bado inaimba. Iko mezani, sijaifungia, na sitairudisha drooni mimi. Utairudisha wewe, kwa mkono wako huo huo wenye jasho.

Dada yako